Namna ya kumrudisha kasuku msituni bila kumzoeza watu

Sanduku la kasuku waliokamatwa halifunguliwi uani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloharibika kwanza pale watu wanapokuwa na huruma nyingi na haraka zaidi. Askari wanakuletea sanduku la mbao lililopigwa misumari, na ndani mna mngurumo ambao asiyeujua hudhani kuna mbwa. Kasuku wa porini akiogopa hapigi kelele tu, ananguruma. Kila mtu anataka kuchungulia, watoto wa mtaa wameshajaa, mmoja tayari ameingiza kidole tunduni. Wafukuze wote. Tafuta chumba chenye mlango unaofungika, dirisha lenye wavu, giza kidogo na utulivu, kisha ndipo uulize nyundo iko wapi.

Mimi ni mtunza ndege hapa Kindu, mkoani Maniema, kando ya Lualaba. Watoto wananiita Mama Kasuku na nimeshalizoea. Nawaandikia wale wanaoachiwa ndege hawa mlangoni bila kutarajia: askari wa hifadhi, daktari wa mifugo aliyezoea mbuzi na kuku, padri, hata mwenye duka aliyeombwa "awahifadhi tu hadi kesho". Wengi wao watakuwa huku kwetu Kongo, lakini kasuku wa kijivu anaishi tangu Afrika Magharibi hadi misitu ya Uganda, Kakamega nchini Kenya na kona ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, na magendo hayajui mpaka. Yanaweza kukufika popote.

Nitasema neno moja kuhusu sababu, halafu turudi kazini. Tangu miaka ya 1970 kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja waliokamatwa porini wamesafirishwa nje ya Afrika kwa vibali halali, na hao ni wale walioonekana kwenye makaratasi. Makadirio yanasema kati ya asilimia 30 na 66 hufa kabla hata ya kupanda ndege. Ghana wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, na mwaka huohuo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Johannesburg ulimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, kwa hiyo tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imefungwa. Iliyofunguka ni njia ya usiku.

Na ndege mwenyewe hazai haraka. Jike hutaga mayai matatu hivi, juu kabisa ndani ya tundu la mti mkubwa, huatamia karibu mwezi mzima, na kinda hukaa ndani ya lile tundu karibu wiki kumi na mbili kabla ya kuruka. Akitoka hapo anahitaji miaka mitatu hadi mitano ndipo naye awe mzazi. Ukihesabu hivyo utaona kwa nini kasuku mmoja mzima aliyerudi msituni akiwa na nguvu zake ana thamani kuliko semina nyingi.

Saa za kwanza

Fungua sanduku ndani ya chumba kilichofungwa, taa hafifu, watu wawili tu. Hesabu walio hai na waliokufa, piga picha sanduku lilivyokuja, misumari na maandishi yote, andika nani amekukabidhi na saa ngapi, wote wawili mtie saini. Watu wa huruma wanaona hilo ni urasimu. Kesi ikifika mahakamani bila hiyo karatasi, mtuhumiwa anatoka na wakati mwingine anadai "mali yake" irudishwe.

Maiti watoe mara moja, lakini usiwatupe. Daktari akiwapasua anaweza kukuambia nini kinawangoja walio hai.

Kisha maji. Weka mabakuli mapana yasiyopinduka, zaidi ya moja, maana mwenye nguvu hulinda bakuli na mnyonge hufa kwa kiu akiwa pembeni yake. Pembeni weka vitu vyenye maji: papai, ndizi mbivu, mahindi machanga yaliyochemshwa, muwa uliochanwa. Kasuku mzima wa porini huenda asile mbele yako hata kidogo. Toka nje. Rudi baada ya saa mbili uangalie vipande vilivyotafunwa sakafuni, hilo ndilo jibu. Aliyelegea, amejikunyata na kuvimbisha manyoya, mtenge kwenye kisanduku chenye joto la nyuzi 28 hadi 30, na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa inatosha ikiwa huna umeme. Maji ya chumvi na sukari yale ya kuharisha yanafaa, ila kumwekea mdomoni kwa bomba la sindano mwachie aliyefundishwa. Maji yakienda mapafuni umemuua kwa mkono wako.

Jinsi ya kumshika: taulo, siyo glavu nene ambazo hazikuruhusu kuhisi unambana kiasi gani. Taulo linamfunika kutoka nyuma, vidole viwili vinashika taya kutoka chini ya kichwa pande zote mbili, mkono wa pili unakusanya mbawa na miguu. Kifua usikibane kamwe. Ndege hupumua kwa kuinua na kushusha kidari, na ukikibana hata kwa upole anakosa hewa huku wewe ukidhani ametulia. Na ndiyo, watakuuma. Mdomo unaopasua mbegu ya mchikichi hauoni shida kupasua ukucha.

Ulimbo

Huku kwetu wengi wananaswa kwa ulimbo. Mtegaji anajua mti ambao kundi hutua, anapanda, anapaka matawi utomvu uliochemshwa hadi ukawa gundi, na juu anafunga kasuku mmoja wa kuita wenzake. Wenzake wanakuja kwa sababu kasuku ni ndege wa jamii, hawezi kusikia mwenzake anaita asijibu. Akishanaswa, manyoya makubwa ya mbawa yanakatwa kwa kisu au mkasi ili asiruke tena.

Ukimwangalia kwa karibu siku anafika, utaona manyoya ya tumbo yameshikana mafungu mafungu, yamebeba vipande vya majani makavu na vumbi, na mengine yamegandana na ngozi. Anajaribu kujisafisha kwa mdomo, kwa hiyo gundi inahamia ulimini na puani. Hapo mkono unawasha kutaka kumsafisha mara moja. Subiri. Ndege aliyesafiri siku tatu bila maji, ukimwosha siku hiyohiyo, anaweza kukufia mkononi kwa hofu na baridi. Siku ya kwanza safisha tu kinachomzuia kupumua, kuona au kusimama: tundu za pua, macho, vidole vilivyoshikana. Mengine yasubiri ale na anywe kwanza, siku mbili tatu.

Siku ikifika, nyunyiza unga wa ngano au wa mahindi kwenye sehemu yenye gundi ili isishike taulo wala vidole vyako. Kisha mafuta meupe ya kupikia, kidogo sana, kwa pamba au kitambaa, ukisugua kwa kufuata mwelekeo wa unyoya, kuelekea ncha. Mawese msiyatumie, najua ndiyo yaliyopo kila nyumba hapa Maniema, lakini yanaacha rangi na hayatoki kirahisi. Petroli na mafuta ya taa ni sumu kwake, kwa ngozi na kwa mvuke, hata tone. Gundi ikishalegea, osha mafuta kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo ya vyombo, suuza mara mbili, kausha kwa kitambaa, mrudishe kwenye joto. Mafuta yakibaki, unyoya haukingi maji wala baridi, na umebadilisha tatizo tu. Fanya bawa moja leo, jingine kesho kutwa. Dakika kumi na tano mkononi zinatosha kwa siku moja, hata kama kazi haijakwisha.

Karantini

Kundi jipya halichanganywi na la zamani. Siku 30 ni kima cha chini, siku 45 ni bora. Vyombo vyao, ndala zao, ufagio wao, vyote mbali, na mlangoni beseni la maji yenye jiki la kukanyagia. Wahudumie wagonjwa mwisho, baada ya wazima, siyo kinyume chake.

Vaa barakoa unapofagia, na lowesha sakafu kwanza. Homa ya kasuku inatokana na bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, inapita kwenye vumbi la kinyesi kikavu, na kwa binadamu inakuja kama malaria au nimonia isiyosikia dawa za kawaida. Ukiugua wiki hizo, mwambie daktari wako kwamba unafanya kazi na ndege, maana hatakuuliza. Ipo pia fangasi ya mapafu, ambayo inaletwa na karanga zenye ukungu na matandiko yenye unyevu. Karanga za soko la hapa msimu wa mvua sizigusi kabisa. Na upo ugonjwa wa virusi wa mdomo na manyoya, ambao hauna dawa. Huo unapimwa maabara, na sampuli inaweza kusafiri mbali na kuchukua wiki nyingi, lakini bila majibu hayo hakuna kuachia. Kundi moja lenye virusi likiingia msitu wenye kasuku wazima, mtegaji atakuwa amefanya madhara machache kuliko wewe.

Kuna kitu ambacho jicho linaweza kukionyesha kabla ya maabara. Kasuku wa kijivu mzima ana unga mweupe mwembamba unaotoka kwenye manyoya yake ya ndani. Ukimshika nguo yako inabaki na vumbi, na mdomo wake mweusi unaonekana umepauka kwa sababu ya unga huo. Ukimwona mwenye mdomo unaong'aa sana, mweusi wa kupendeza, wageni watamsifia. Wewe mtenge.

Pima uzito kila wiki, alfajiri kabla ya kula, kwenye mizani ile ile. Mzima wa aina yetu ana gramu 400 hadi 500 hivi. Kuliko namba, gusa kidari: ule mfupa wa katikati ukichoma kidole kama ukingo wa kisu, anakonda, hata kama unamwona anakula. Wengine wanachezea chakula tu.

Chakula

Alizeti ni mtego wa pili baada ya ulimbo. Wanaipenda, inapatikana, na wafadhili hupenda kuleta magunia. Ina mafuta mengi na kalisi kidogo mno, na kasuku wa kijivu ni mwepesi wa kupungukiwa kalisi hadi akaanguka na kutetemeka kwa kifafa. Nampa kidogo, kama peremende. Kila siku wapate majani mabichi, maharage yaliyoiva vizuri, mahindi, boga, matunda, na maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa.

Ila chakula cha kweli ni kile atakachokikuta nje. Mikungu ya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, wananing'iniziwa mizima, juu, na miiba yake. Mtu atakuambia uwachambulie. Usiwachambulie. Anapaswa kujua kuning'inia kwa mguu mmoja, kung'oa ngazi kwa mdomo, kuishika kwa mguu wa pili, kubandua nyama ya nje na kutupa anachokitupa. Aliyekamatwa akiwa mzima anakumbuka yote hayo siku anapouona mkungu. Aliyekamatwa kinda anauangalia tu, kisha anamwangalia jirani yake anafanyaje, na ndiyo sababu unamweka karibu na jirani anayejua. Leta pia matawi yenye matunda ya msituni, machipukizi, maua, magome ya kutafuna. Vijana wetu hutoka na mzee mmoja aliyekuwa mtegaji zamani, kwa sababu hakuna kitabu kinachojua kama yeye mti gani una matunda mwezi gani.

Makinda ni habari nyingine. Utawajua kwa macho: kinda ana jicho jeusi-kijivu, mzima ana jicho la manjano iliyopauka. Hao wanahitaji uji kwa bomba la sindano, wenye joto la nyuzi 38 hadi 40. Ukiwa baridi unakaa shingoni na kuchacha, ukiwa wa moto unaunguza mfuko wa chakula na tundu linatokea kifuani baada ya siku kadhaa. Pima kwa kipimajoto, siyo kwa kidole. Na hapa ndipo penye kishawishi kikubwa. Kinda ni mzuri, analia, anakukimbilia. Mlishe kimya, funika uso, mlishe akiwa pamoja na ndugu zake, mrudishe kwao akishashiba. Usimpe jina. Usimpigie mluzi. Tuna kijana aliyekuwa akiwasalimia kila asubuhi, na mmoja wao akaanza kumjibu kwa Kiswahili safi cha Kindu. Wageni walicheka sana. Nilimhamisha kijana kwenda bustani ya chakula na kasuku nikamweka katikati ya wazee wasiopenda watu, na ilichukua msimu mzima aache.

Mbawa

Swali ninaloulizwa zaidi: mbona wamepona na hamwaachii? Kwa sababu hawana mbawa. Unyoya uliokatwa haukui, ni kama kipande cha pembe kilichokufa, mpaka kile kisiki kidondoke chenyewe ndipo mpya uote. Kasuku hubadilisha manyoya polepole, machache kwa zamu, kwa hiyo ndege aliyekatwa vibaya anaweza kukaa mwaka au zaidi. Daktari anaweza kung'oa visiki akimpa ndege nusukaputi, na mapya hujaza nafasi ndani ya wiki chache hadi miezi kadhaa. Bila nusukaputi ni ukatili, na unaharibu tundu la unyoya usiote tena au uote umepinda. Wala usiyang'oe yote kwa siku moja.

Unyoya unaoota una damu ndani ya mrija wake. Ukivunjika unavuja, na ndege ana damu kidogo. Kwa hiyo katika wiki hizo punguza kumshika, punguza msongamano, ondoa waya unaochomoza. Nyunyizia maji mara kwa mara asubuhi zenye jua. Maji yanamfanya ajisafishe, na kujisafisha kunapanga manyoya.

Kizimba cha kurukia

Urefu ni muhimu kuliko upana. Mita 10 ni mwanzo, 20 ni bora, na kimo cha mita 4 hivi. Weka matawi ya kutulia kwenye ncha mbili tu, katikati pawe wazi, la sivyo wataruka mita mbili na kupumzika, mita mbili na kupumzika, siku nzima. Matawi yawe ya asili, ya unene tofauti, na yabadilishwe kila wanapoyatafuna, yaani kila mara. Chakula kiwe juu. Kasuku wa porini hushuka chini kwenye mbuga za msituni kunywa na kula udongo wenye madini, lakini hushuka na kundi zima, walinzi wakiwa juu ya miti. Aliyezoea kula sakafuni peke yake, naye ataliwa.

Pande mbili za kizimba zifunikwe kwa majani au turubai wasione watu wakipita, na kazi ya kusafisha ifanyike kwa saa maalumu, na mtu mmoja, bila maneno.

Mtihani wangu ni mmoja, na si wa mizani. Ingia ghafla na kofia usiyoivaa siku zote. Wote wanapaswa kunyanyuka kwa pamoja, wafike ncha ya mbali, juu, wakuchunguze kutoka huko. Anayebaki kwenye tawi la chini akikuinamishia kichwa umkune, huyo hajafaulu, hata akiruka kilomita. Rudisha nyuma, changanya na wakali, ngoja. Baada ya hapo wafukuze taratibu waende na kurudi mara kadhaa. Aliyeachama mdomo na kuhema mkia ukipanda na kushuka bado hana pumzi.

Mahali pa kuachia

Hapa wengi wanakosea kwa kutafuta msitu mzuri kwanza. Tafuta kijiji kwanza. Msitu wenye michikichi, miti mikubwa yenye matundu na kasuku wengine hauna maana ikiwa chini yake kuna mtu mwenye sufuria ya ulimbo. Nenda kwa chifu na wazee, kaa, eleza, sikiliza lawama zao zote kuhusu hifadhi, rudi tena. Katika mojawapo ya vikao hivyo mzee mmoja aliniambia, "Mama, kasuku akinipa faranga za shule, unataka nimwache aruke kwa nini?" Nikamjibu, "Papa, hawa wa mwaka huu ukiwauza, mwaka kesho mtoto atasomeshwa na nani?" Hakuridhika, na sikumlaumu. Aliporidhika ni pale tulipokubaliana kwamba walinzi wa malalo, pale kasuku wanapolala usiku, watalipwa na watakuwa vijana wa pale pale. Mtegaji wa zamani ndiye mlinzi bora, anajua njia zote za kuingilia kwa sababu alizipita.

Ulizia pia miti. Huku kasuku hupenda kutaga kwenye matundu ya miti mirefu kama limba, na mti huohuo ndio mpasua mbao anautafuta. Mti wenye kiota ukikatwa, umeondoa nyumba ya miaka mingi, kwa sababu jozi hurudi tundu lile lile.

Kibali kinatoka ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi, na usiachie bila hicho hata kama unajuana na mkuu. Hakikisha asili ya ndege. Wale wadogo wenye mkia wa rangi ya damu ya mzee, siyo mwekundu wa kuwaka, ni aina nyingine ya Afrika Magharibi, watu wa Liberia na Sierra Leone na jirani zao. Hao hawaachiwi Kongo. Kila anayeondoka avishwe pete ya mguuni yenye namba.

Kuachia kwenyewe hakuna sherehe, ingawa mheshimiwa atataka iwepo na kamera. Ndege wahamishiwe kwenye kizimba kidogo kilichojengwa palepale msituni, wakae wiki kadhaa wakisikia makundi ya porini yakipita na kuitana. Asubuhi moja kavu, mapema, fungua dirisha la juu na uondoke. Wengine hutoka mara moja, wengine kesho yake, wengine wiki ijayo. Dirisha libaki wazi na jukwaa la chakula libaki na chakula, ukipunguza kidogo kidogo kwa miezi. Usimfukuze aliyebaki. Anayerudi kula hajashindwa, ndivyo inavyotakiwa.

Kuhesabu

Kazi iliyobaki ni ya daftari, na ndiyo inayokufa kwanza wafadhili wakiondoka. Chagua sehemu iliyo wazi karibu na malalo, keti kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi giza, watu wawili, kila mmoja na upande wake wa anga. Andika saa, idadi ya kundi, wanakotoka. Mchana kasuku hawahesabiki, majani yanawaficha. Jioni wanakuja wenyewe, wawili wawili, watano watano, wakipiga mbawa haraka na kupiga kelele. Rudia siku tatu mfululizo kila mwezi, mahali pale pale, ukichukua idadi ya siku iliyo kubwa zaidi. Andika hata siku ya sifuri. Pete ukiweza kuziona kwa darubini kwenye jukwaa la chakula, andika namba. Na uandike makinda: macho meusi yakionekana kwenye kundi, walioachiwa au jirani zao wanazaa.

Kasuku wa nyumbani kwa mjomba

Kuna barua inayonijia zaidi ya zote: mjomba amefariki, au anahama, ameacha kasuku wa miaka ishirini anayesema "karibu" na "funga mlango", nasi tumeguswa, tunataka kumpa uhuru. Msimfungulie dirisha. Hajui mwewe, hajui ngazi, mbawa zake hazina misuli, na ataruka hadi kwa mtu wa kwanza atakayemwona, atue begani mwake, na mtu huyo atamuuza kabla ya jua kuzama. Wanaishi miaka 40 na zaidi wakitunzwa, kwa hiyo mnazungumzia nusu ya maisha yake. Mpigieni afisa wa wanyamapori wa nchi yenu: ICCN kwa Kongo, UWA kwa Uganda, KWS kwa Kenya, TAWA kwa Tanzania. Semeni mnaye, mlimpataje, na mnaomba mwongozo. Wakati mnasubiri, mtoeni alizeti, mpeni maboga na majani, mwongezeeni kizimba kiwe kikubwa aweze kufungua mbawa zote mbili, na msimnunulie mwenzake ili asiwe mpweke. Mwenzake huyo ametoka kwenye lile sanduku la misumari.